Ufunguo Uliokataliwa kwa Priscah

Kwa miaka mingi, mgeni aliyeingia nyumbani kwa Loice Akello hapa Sosiot aliona jambo moja kabla hata ya kuketi: picha zake zote zilikuwa chini. Hakuna iliyotundikwa ukutani. Zilipangwa juu ya kabati, zikiegemea ukuta. Ya kwanza ilikuwa ya marehemu mumewe, Kepher Omollo, akiwa na kofia ya kiwandani. Kando yake alikuwa binti yao Dorine siku ya kumaliza chuo, na mwisho kwaya ya kanisa, vitambaa vyeupe kichwani. Upepo wa mlangoni ulipovuma, Kepher aliangukia kwaya, na Loice akamwinua tena.

Ukimwuliza kwa nini hapigi msumari, alijibu, “Ukuta si wangu.”

Sisi majirani humwita Mama Dorine. Alikuja Kericho akiwa bibi arusi kutoka upande wa ziwa, karibu na Yala. Kepher alikuwa ameajiriwa katika kiwanda cha shamba kubwa la chai, kwenye mashine za kukaushia majani, naye Loice akaandikwa kuchuma. Walipewa nyumba kwa jina la Kepher katika laini, yale makazi ya wafanyakazi yaliyojengwa kwa safu, bomba la maji likiwa katikati. Dorine alizaliwa hapo. Alijifunza kutembea kwa kushika ukuta ambao mama yake alikuwa akimkataza kuuchafua.

Laini zilikuwa na kanuni ambayo hakuna aliyehitaji kuambiwa mara mbili. Nyumba ni ya kazi. Kazi ikiisha, iwe kwa kustaafu, kufutwa au kufa, nyumba inarudi kwa kampuni. Misumari hairuhusiwi kwa sababu inabomoa plasta. Na juu ya kanuni za kampuni, akina mama wa laini walikuwa na kanuni yao wenyewe: mwenye heshima hangoji kutumiwa mtu. Anafagia nyumba mpaka pembeni, anapangusa dirisha, anapeleka ufunguo ofisini mwenyewe. Asiyefanya hivyo alikuwa hatarini kukuta sufuria zake zimewekwa nje kwenye nyasi. Loice aliwahi kuona sufuria za jirani yake zikijaa maji ya mvua, na yule jirani amesimama kando akijifanya anatafuta kitu ndani ya mkoba. Siku hiyo aliapa kwamba zake hazitaonekana nje.

Kepher alipofariki, walimpeleka kwao Yala wakamzika. Loice aliporudi Kericho, hakulala. Alifunga vitu, akafagia, na asubuhi akawa mbele ya karani wa makazi, kijana mmoja mpole aitwaye Benard.

“Mama, mbona haraka hivi?” Benard akamwuliza. “Si nilikwambia una muda hadi mwisho wa mwezi?”

“Nyumba ni safi,” Loice akajibu. “Tuma mtu akaangalie.”

Alikuwa anasimulia jambo hilo kwa fahari. Dorine alilisikia mara nyingi akikua, jinsi watoto wengine wanavyosikia habari za babu aliyeua chui.

Ndipo akaja Sosiot, kwa Priscah.

Priscah ni mjane pia, mzaliwa wa hapa. Ana shamba la chai linaloteremka hadi kijito, na ng'ombe wa maziwa ambao huwazungumzia kama wakwe wasiosikia. Pembeni mwa boma lake kuna nyumba ya vyumba viwili inayotazama barabara. Loice aliikodi. Baada ya muda mfupi, Priscah alipoona jinsi anavyochuma, majani mawili na kichipukizi bila kurarua, alimwomba awe anamchumia chai. Kwa Priscah, haya yalikuwa mambo mawili tofauti. Kwa Loice yalikuwa jambo moja, kwa kuwa hakuwahi kuishi katika nyumba isiyofungamana na kikapu cha kuchumia chai.

Goti lake lilipoanza kuvimba, daktari alimkataza kuteremka mteremko ule. Loice alimwambia Priscah siku hiyo hiyo kwamba hataweza kuchuma tena. Priscah alisema pole, akamwambia apake dawa, akaendelea na shughuli zake. Kesho yake asubuhi Loice alifika jikoni kwa Priscah amevaa viatu vya kanisani, akaweka ufunguo mezani.

Priscah alikuwa akichuja maziwa. Aliutazama ufunguo, akamtazama Loice.

“Hii ni nini?”

“Ufunguo. Nimefagia. Hata nyuma ya kabati.”

“Nani amekufukuza?”

“Hakuna. Lakini si nimeacha kazi?”

Priscah aliweka chujio chini. “Mama Dorine, wewe ulikodi nyumba ama ulikodi kikapu?”

“Nilikodi nyumba.”

“Kikapu kimerudi?”

“Kimerudi.”

“Basi tumemaliza. Chukua ufunguo yako, ng'ombe wanangoja. Na utoe hizo viatu, utateleza kwa matope.”

Loice hakuuchukua. Alisema si vizuri kumkalia mtu. Priscah akauchukua ufunguo, akautia ndani ya mfuko wa sweta ya Loice kwa nguvu, akaufunga mfuko huo kwa pini, kama mtu anayemtuma mtoto dukani. Halafu akatuma niitwe. Mimi ndiye huandika kumbukumbu za kikundi chetu cha majirani, na mtu akitaka kitu kiandikwe bila kelele hunijia.

“Tuandikie makubaliano,” Priscah aliniambia, “ndio huyu mama aache kuniletea ufunguo.”

Niliandika, wao wakibishana juu ya kila mstari. Nani atatengeneza paa likivuja: Priscah. Nani atabadilisha kioo kikivunjwa na wageni wa Loice: Loice. Kila mmoja atampa mwenzake mwezi mzima wa ilani kabla ya kuachana. Mwenye nyumba hataingia bila kubisha hodi na kuitikiwa, isipokuwa nyumba inaungua. Hilo la moto lilitoka kwa Priscah mwenyewe, akicheka. Mwishoni akanigusa mkono. “Na uandike chai haimo.” Nikaandika: Nyumba hii haihusiani na kazi ya kuchuma chai. Wakatia sahihi wote wawili.

Pamoja na hayo yote, picha zilibaki chini.

Wakati huo Dorine alikuwa ameshakwenda Kanada, katika mkoa wa Ontario, kuhudumia wazee katika makao yao. Msimamizi wake kazini alikuwa mama mmoja aliyekuwa na kaka mwenye nyumba, na kaka huyo akampangisha sehemu ya chini ya nyumba yake, ile ambayo dirisha lake liko usawa wa nyasi. Dorine alitia sahihi mkataba wa mwaka mmoja. Mwaka ukaisha, akaendelea kukaa. Akaolewa na Omwenga, kijana wa Kisii dereva wa malori ya masafa marefu, wakaishi hapo pamoja. Hata theluji aliizoea. Alituonyesha kwenye simu, na Priscah akauliza ng'ombe hula wapi.

Majira ya baridi ya juzi, akiwa na mimba ya miezi minane, Dorine alipata kazi ya karibu zaidi katika hospitali ya mji ule. Aliaga makao ya wazee vizuri, akaandikiwa barua nzuri. Siku chache baadaye mwenye nyumba alimtumia ujumbe. Alisema kwamba nyumba ile ni ya wafanyakazi wa dada yake, kwamba mfanyakazi mpya anakuja, na kwamba Dorine awe ametoka kufikia Jumapili. Ufunguo auache ndani ya sanduku la barua.

Omwenga alikuwa safarini kaskazini, mahali simu haishiki. Dorine hakubishana na mtu. Alifanya kile alichofundishwa tangu utotoni. Kisha akampigia mama yake simu ya video.

“Mama, nimeshafunga masanduku.”

“Umefagia?” Loice akauliza.

“Nimefagia.”

“Vizuri, nyathina, mwanangu. Hata nyuma ya kabati?”

“Hata nyuma ya kabati.”

“Asije akasema watu wetu ni wachafu. Na sasa mnaenda wapi?”

Loice aliona ukuta mtupu nyuma ya kichwa cha binti yake, na dirisha dogo lililozibwa na theluji hadi nusu.

“Kuna dada wa kanisa ako na kochi,” Dorine akasema.

“Kochi? Na tumbo hilo?”

“Ni ya muda tu, Mama. Nyumba huku ni ngumu kupata saa hii. Omwenga akirudi tutatafuta.”

“Na mtoto akija kabla ya Omwenga?”

Dorine alianza kulia kwa sauti ndogo, ile ya mtu ambaye hataki ukuta usikie. Kwa kanuni zote Loice alizozijua, binti yake alikuwa amefanya sawasawa.

Alivuka boma akaenda kwa Priscah, akiwa bado ameshika simu. Hakwenda kutafuta ushauri. Alikwenda kuomba waombe pamoja.

“Dorine anatoka kwa nyumba,” alisema mlangoni. “Kwa baridi. Mwezi ujao anazaa.”

“Amefukuzwa?” Priscah akauliza.

“Amebadilisha kazi. Nyumba ni ya kazi.”

“Nani amesema ni ya kazi?”

“Mwenye nyumba.”

“Nakuuliza agrimenti inasema nini, sikuulizi huyo mwanaume.” Priscah akapangusa mikono kwa leso. “Mama Dorine. Huyo mtoto alikodi nyumba ama alikodi wale wazee?”

Loice aliniambia kwamba aliposikia swali hilo, alikaa chini bila kukaribishwa. Alijiona mwenyewe, viatu vya kanisani miguuni, ufunguo mezani. Aliona pia kwamba kile alichomwachia mwanawe kama heshima kilikuwa kinakwenda kumlaza kwenye kochi la watu.

Wakampigia Dorine. Priscah ndiye aliyeshika simu, karibu sana na uso wake kama kawaida, kiasi kwamba Dorine aliona pua tu.

“Anti Priscah, chamgei,” Dorine akamsalimu kwa Kikalenjin.

“Chamgei mising. Toa hiyo agrimenti yako. Iko ama umeifungia kwa sanduku?”

“Imefungiwa.”

“Fungua sanduku.”

Wakamsikia akibandua utepe wa gundi uliofunga sanduku. Mkataba ulikuwa mrefu. Dorine aliusoma na kuwafasiria: jina lake, jina la mwenye nyumba, anwani, mwezi ulioanza, mambo ya joto na maji, mambo ya kuvuta sigara, mambo ya kufuga mbwa. Loice alikuwa akiitikia kwa kichwa kila mstari kama mtu kanisani.

“Kazi inatajwa wapi?” Priscah akauliza alipofika mwisho.

“Haitajwi, Anti.”

“Soma tena pole pole.”

Akasoma tena. Haikutajwa. Hapakuwa na makao ya wazee, wala dada, wala neno lolote la kuajiriwa.

“Sasa sikiza,” Priscah akasema. “Sheria ya huko mimi siijui, nisikudanganye. Yangu inaisha pale kwa kijito. Lakini sahihi najua. Wewe uliweka sahihi kwa nyumba. Usipeleke ufunguo popote mpaka uulize mtu wa huko mwenye anajua. Watu kama hao wako?”

Dorine alidhani wako. Alikuwa ameona bango lao maktabani na kupita, kwa sababu aliona ni la watu wenye kesi.

Kesho yake alikwenda. Ilikuwa ofisi ndogo ya msaada wa kisheria, ya bure. Mama aliyempokea alimkalisha karibu na kipasha joto, akausoma mkataba wote bila haraka. Alimweleza mambo ambayo Dorine alitueleza baadaye jioni ile, nami nikayaandika, kwa kuwa hapa kwetu karibu kila boma lina mtu aliyesafiri au anayetaka kusafiri.

Alimwambia kwamba mkataba wa mwaka mmoja ukiisha huko Ontario, mpangaji hatoki kwa sababu hiyo. Unaendelea mwezi kwa mwezi kwa masharti yale yale. Kwamba mwenye nyumba anayetaka nyumba yake lazima atoe ilani ya maandishi kwa fomu rasmi, yenye sababu inayokubaliwa na sheria na muda uliowekwa. Ujumbe wa simu si ilani. Mpangaji asipokubaliana na ilani hiyo, haondolewi na mwenye nyumba. Kuna baraza la kusikiliza kesi za wapangaji na wenye nyumba, na ni amri yake tu inayoweza kumtoa mtu. Kubadilisha kufuli na kumfungia mtu nje ni kosa. Kuna watu wachache ambao hata huko nyumba yao hufuata kazi, kama mtunza jengo anayeishi ndani ya jengo lile, lakini Dorine hakuwa mmoja wao.

“Lakini ukitoka mwenyewe na kurudisha ufunguo,” yule mama alimwambia, “utakuwa umeondoka kwa hiari yako. Na hapo ni vigumu sana kukusaidia. Umeurudisha?”

“Bado,” Dorine akasema. “Uko hapa.” Alikuwa ameufunga kwa pini ndani ya mfuko wa koti. Kuhusu hiyo pini, alikuwa amesikia kutoka kwa mama yake.

Mwenye nyumba alikuja Jumapili asubuhi, huku kwetu ikiwa jioni. Dorine aliogopa kuwa peke yake, kwa hiyo aliegemeza simu kwenye birika, sisi tukiwa upande wa pili jikoni kwa Priscah: Priscah, Loice na mimi. Tulimwona mwanaume mrefu mwenye kofia ya sufu, theluji mabegani. Aliyatazama masanduku, akaridhika.

“Naona uko tayari. Ufunguo?”

“Siutoi,” Dorine akasema. “Nimekodi nyumba hii kwako, si kwa dada yako. Mkataba hausemi kazi. Kama unataka nitoke, nipe ilani ya maandishi inayofuata sheria, na kama hatutaelewana twende kwa baraza.”

“Aliyekuwa hapa kabla yako alitoka siku ile ile alipoacha kazi.”

“Labda hakuuliza mtu.”

Jikoni kwetu Loice alikuwa ameshika mkono wangu na kuubana hadi ukafa ganzi. Yule mwanaume alivua kofia. Nafikiri ndipo alipomtazama Dorine vizuri kwa mara ya kwanza, maana siku hiyo Dorine hakuwa amevaa koti na tumbo lilionekana.

“Ni lini?” akauliza, akionyesha tumbo.

“Mwezi ujao.”

Akasema ataongea na dada yake. Mlangoni aligeuka, akasema kwamba yeye pia alidhani mambo yako hivyo, kwa kuwa ndivyo walivyozoea na dada yake. Dorine akamjibu kwamba hata yeye alidhani hivyo.

Alipokuwa akitoka, Loice aliinamia simu. “Mwambie asante!”

“Asante ya nini, Mama? Ni haki yangu.”

“Haki ni yako. Asante ni yangu. Mwambie.”

Dorine akamwambia. Yule mwanaume akainama kutazama birika, akaona nyuso tatu zimebanana ndani ya simu, moja ikiwa pua tu, akapunga mkono.

“Amenyoa vizuri,” Priscah alisema baadaye. “Sikutarajia.”

Siku iliyofuata ulikuja ujumbe kwamba mfanyakazi mpya amepatiwa chumba kwingine na Dorine abaki. Omwenga aliporudi alikuta masanduku yamefunguliwa na mke wake ameketi sakafuni akisoma mkataba upya, safari hii upande wa wajibu wake. Dorine aliona kuwa usafi ni juu yake, na kwamba kitu kikiharibiwa na yeye au wageni wake atakitengeneza. Siku akitaka kuhama mwenyewe atoe ilani ya maandishi ya siku sitini, na kufuli asibadilishe bila idhini. Aliona pia kwamba kipasha joto kilichokuwa kikikohoa tangu mwaka uliopita kilikuwa juu ya mwenye nyumba. Aliandika kuomba kitengenezwe. Mwenye nyumba alituma ilani siku moja kabla, akaja saa aliyosema, akabisha hodi, akakitengeneza.

Mtoto alizaliwa, akaletwa katika nyumba ile yenye joto. Ni mvulana. Walimwita Omollo, jina la babu yake.

“Yaani mimi ndiye nimechunga nyumba,” Priscah akalalamika, “na jina limepewa mume wako.”

“Ungekubali ufunguo ile siku,” Loice akamwambia, “hata huyo Omollo angezaliwa kwa kochi.”

Wiki moja baadaye Dorine alituma picha kubwa, iliyochapishwa na kutiwa kwenye fremu, kupitia kwa mtu aliyekuwa akija nyumbani. Kwenye picha mtoto amelala, na nyuma yake dirisha lile dogo, theluji ikiyeyuka. Nilikuwa kwa Loice ilipofika. Aliitazama kwa muda mrefu. Alitazama kabati, ambalo lilikuwa limejaa. Kisha akavuka boma, nami nikamfuata.

“Priscah,” akaita mlangoni. “Nimekuja kuuliza kitu ya nyumba.”

“Kama ni ufunguo, rudi.”

“Si ufunguo. Nataka kupiga msumari.”

Priscah alikuwa akimfunga ndama. Aliiacha kamba, ndama akatoroka kuelekea kwenye chai, naye hakumfuata.

“Msumari mmoja?”

“Minne. Kepher, Dorine, kwaya, na mtoto.”

Priscah aliingia ndani, tukamsikia akipekua chini ya kitanda, akilaumu kila kitu alichokigusa. Alitoka na nyundo, akampa Loice. Halafu akawaza, akaichukua tena nyundo aibebe mwenyewe.

“Nitakuja mimi nikushikie fremu,” akasema. “Lakini ni wewe utapiga.”